Mstari Ulioingia Ziwani

Kwa mujibu wa kompyuta, mpima ramani Ulrich Cirhuza alitembea juu ya maji ya Ziwa Kivu Jumanne mchana kutwa, halafu akasimama, halafu basi.

Inspecteur Fabiola Nsimire alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena. Mstari mwekundu ulikuwa palepale. Ulianzia majini, ukaenda ukijipindapinda, ukaingia na kutoka kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, na mwisho wake ukawa majini vilevile, katikati ya ghuba. Pwani yenyewe, iliyochorwa kwa wino mweusi kutoka picha ya satelaiti, ilikuwa pembeni, haiguswi na mstari ule hata mara moja.

"Hii iko nini?" aliuliza.

"Iko kazi yake ya Mardi," alisema Nathalie, mchora ramani wa ofisi. "Kila fasi anasimama, mashini yake inakamata point. Akipata réseau ya simu, ata ya Rwanda, point zinakuya huku zenyewe. Ya mwisho ilikuya saa tisa ya muchana."

"Na kisha?"

"Kisha hakuna."

Ofisi ilikuwa gereji ya zamani ya nyumba moja ya mtaa wa Muhumba, imepakwa chokaa na kujazwa meza. Kazi yake mwaka huu ilikuwa kuchora upya ufuko wa magharibi wa ziwa, kupita Kalehe, vile vipande ambavyo hata barabara imevikimbia: majabali yanayoshuka wima hadi majini, vichaka visivyopitika, ghuba zisizo na jina kwenye karatasi yoyote tangu enzi za Wabelgiji. Ulrich ndiye aliyekuwa akivitembea kwa miguu. Jumanne aliondoka na boti ya ofisi, akiendeshwa na Mugisho. Jumatano asubuhi Mugisho alirudi peke yake, na ndani ya boti mlikuwa na mfuko wa Ulrich wenye simu yake, koti lake na chupa yake ya maji, vyote vimelowa. Leo ilikuwa Alhamisi, na Mugisho alikuwa kwenye kasho, mahabusu ya polisi ya Ibanda.

Mwenye ofisi, Papa Pascal Balola, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Nathalie, mikono mgongoni. Alikuwa mtu wa kuzungumza kama anayesoma habari redioni, na Fabiola alikuwa hajampenda tangu alipomsalimu.

"Inspecteur, mambo iko wazi," alisema. "Kule hakuna udongo, kuko maji tu. Mutu hatembeake juu ya maji, sauf Yesu. Donc Ulrich alikuwa mu boti. Fasi point zinaishia, ni pale alitupwa."

Fabiola angependa sana kukubali. Kesi iliyonyooka namna ile haipatikani kila wiki, na Commandant Guy alikuwa ameshaikubali kabla hata ya kunywa chai. Lakini wavuvi walikuwa wanakokota nyavu mahali pale tangu jana na hawakupata hata kiatu. Na kulikuwa na safu nyingine ya tarakimu, pembeni mwa skrini, ambayo hakuna aliyemweleza.

"Na hizi?"

Nathalie alimtazama bosi wake kwanza. "Ni altitude. Urefu."

"Inasema nini?"

"Inasema alikuwa... juu. Juu ya maji ya ziwa. Kama mètres makumi tano."

"Juu namna gani? Boti iliruka?"

"Hiyo uache, Inspecteur," Papa Pascal aliingilia. "Altitude ya satellite haiaminikake. Sisi wenyewe tunaiachaka."

Kama kuna neno lililokuwa likimkera Fabiola katika kazi yake, ni hilo la "uache". Waliokwisha kumwambia aache jambo, nusu yao walikuwa wamelikalia. Hata hivyo hakujua alishike wapi. Mtu aliye majini ni kitu kimoja, mtu aliye angani ni kingine, na huyu alikuwa vyote viwili kwa wakati mmoja. Kichwa kilimzunguka, naye hakuona aibu kuonyesha.

"Nielezeeni kama mutoto wa école primaire. Mashini inajuaje fasi iko?"

Nathalie alivuta karatasi akachora nukta mbili. Mashine ni mbili, alisema. Moja inatembea na mpimaji. Nyingine inakaa kimya juu ya jiwe ambalo mahali pake panajulikana, jiwe la kipimo, borne, ambayo Wabelgiji waliijenga kwa saruji na kuitia kisahani cha shaba chenye namba. Ile iliyokaa ndiyo inayoifundisha ile inayotembea. Ulrich aliisimika Jumanne asubuhi kwenye borne ya parokia ya Luhoko, akaiwasha, akashuka ziwani kuanza kazi. Ilikuwa mara ya kwanza kutumia borne hiyo.

"Na ile mashini iko wapi leo?"

"Ingali kule ku parokia. Abbé David, padri wa kule, anaichunga."

"Tangu Mardi? Na hakuna mutu alienda kuiangalia?"

Papa Pascal alikohoa. Alisema mashine ile ni ya bei kubwa lakini iko mahali salama, kwa mapadri, na kwamba yeye alikuwa na huzuni nyingi sana za kushughulikia. Fabiola aliandika kichwani: mtu ana huzuni, ana boti, ana mashine ya bei kubwa porini, na hatoki ofisini.

Alipokuwa anaondoka, Nathalie alimfuata hadi mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Inspecteur, sikutaka kusema mbele ya Papa. Lundi, siku moja mbele ya ile safari, pale ku beach, nilisikia Mugisho anamwambia Ulrich: siku moja nitakuacha mule mu mawe, utarudia na miguu."

"Alisema na kasirani?"

"Sijui. Alikuwa anafunga moteur ya boti, sikuona sura yake."

*

Nje ya kituo cha polisi, Georgette, mke wa Mugisho, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro akiwa na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa ametoka mtaa wa Kasha kwa miguu asubuhi na mapema. Alisimama alipomwona Fabiola.

"Maman Inspecteur, banasema leo mangaribi bwana yangu anapelekwa ku parquet, kwa mushitaki, na toka pale prison. Ni kweli?"

"Ni kweli kama hakuna kitu kipya."

"Kule mutu anangojaka jugement miaka. Watoto watakula nini? Miye nitauza nini?"

Fabiola alimchukulia sufuria akaingia nayo mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida na askari wa zamu alilitazama kwa jicho la pembeni.

Mugisho alikuwa mwanamume mpana wa mabega, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakugusa chakula. Fabiola aliketi mbele yake.

"Ulimushusha wapi?"

"Mbele ya pointe ya Lukunda, ile rasi, ku ka plage kadogo ka mawe."

"Kisha?"

"Akaniambia: miye nitafwata pwani na miguu. Weye zunguka pointe, unigojee mu baie ya pili, ile ghuba ya nyuma, pale Papa Pascal aliweka alama mu mashini, katikati ya maji. Nikazunguka. Nikangoja."

"Mupaka saa ngapi?"

"Mupaka nikakosa kuona mawe."

"Uliita?"

"Niliita mupaka sauti ikaisha. Ile jabali ya Lukunda inapanda kama ukuta ya kanisa, sauti haipite."

"Na mufuko yake? Na koti?"

"Aliacha mu boti. Alisema inamulemea. Usiku maji iliingia mu boti, ikalowana."

"Batu ba baie ya pili banasema hawakuona mutu mwenye anatoka mu pori."

"Ata miye sikumuona, Maman. Njo inaniangaisha."

Fabiola alisogeza sufuria pembeni. "Ulimwambia utamuacha mule mu mawe."

Mugisho aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa, na Fabiola aliona, akachukia kuona.

"Nilisema. Kila siku ninasemaka vile. Ye naye anasemaka atanifuta ku ramani. Ni mizaha yetu." Alijipangusa uso kwa mikono yote miwili, maana ilikuwa imefungwa pamoja. "Ulrich ni kama ndugu yangu mudogo. Aliniomba nisimamie ubatizo ya mutoto yake. Nitamuua ju ya nini?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Wauaji wengi aliokutana nao walikuwa wameliuliza pia.

Commandant Guy alikuwa mlangoni mwa ofisi yake, kofia mkononi. "Unataka kwenda kule? Nenda. Mais mangaribi dossier inaondoka, na ile mutu inaondoka nayo."

"Nataka kwenda naye. Aonyeshe fasi na macho yake. Hakuna mwingine anajua mawe ya kule."

"Chukua Modeste na bunduki yake. Na pingu zisitoke."

*

Boti ya ofisi ilikata maji kuelekea kaskazini, kisiwa cha Idjwi upande wa kulia kikiwa kimefunikwa na wingu. Modeste, askari mwenye tumbo la kutosha watu wawili, alikuwa amevaa vesti ya kuokolea na kuikumbatia bunduki. Mugisho aliendesha, viganja vyote viwili kwenye mkono wa injini, pingu zikigongana na chuma kila wimbi lilipopita.

Walipokwisha kupita visiwa vidogo alisema bila kugeuka: "Maman Inspecteur, boti ikipinduka, na hizi sitaweza kuogelea."

Fabiola alilifikiria. Alifikiria amri ya Commandant, na maneno aliyoyasikia Nathalie, na mfuko uliolowa, na maji yale yasiyo na mwisho chini yao. Mtu huyu alilijua ziwa, yeye alijua kuogelea kwenye beseni tu.

"Basi usiipindue," alisema.

Mugisho hakuomba tena.

Kadiri walivyosonga ndivyo pwani ilivyobadilika. Mashamba ya migomba yaliisha, nyumba zikaisha, na milima ikaanza kusogea majini hadi ikasimama ndani yake, mawe meusi yamepasuka, miti imening'inia kwenye nyufa. Fabiola alijaribu kufuata ramani aliyopewa na Nathalie na akashindwa. Kila rasi ilifanana na nyingine. Akafikiria mtu mmoja peke yake na kifimbo cha kupimia akitembea chini ya kuta zile.

Parokia ya Luhoko ilikuwa juu, mwendo wa kutoa jasho kutoka majini. Mugisho na Modeste walibaki kwenye boti. Abbé David alimpokea mbele ya kanisa jipya la matofali lililokuwa kando ya barabara, mzee mrefu mwenye buti za shamba chini ya kanzu.

"Karibu, mwanangu. Tunamuombea ule kijana kila misa."

"Asante, Padri. Ulimuona Mardi?"

"Nilikuwa mu misa ya asubui. Nilimuona ku dirisha, alinipungia mukono. Kutoka, nikakuta mashini imesimama, yeye ameshuka."

"Mashini iko wapi?"

"Kuya uone. Hakuna mutu aliigusa. Nilikataza ata watoto."

Alimpitisha nyuma ya kanisa, kwenye lango dogo la chuma. Fabiola alisimama. Mbele yake kulikuwa na makaburi, mistari minne, misalaba imepakwa chokaa. Na katikati, miguu yake mitatu imekita kwenye maua mekundu, mashine ya Ulrich ilikuwa imesimama juu ya kaburi.

Fabiola alifanya ishara ya msalaba bila kukusudia.

"Padri, ule kijana aliweka mashini juu ya mufu?"

"Na miye nilishangaa," alisema Abbé David. "Nilitaka kumugombeza. Kisha nikasema, labda Père angekubali. Naye alipendaka kazi."

"Père nani?"

"Padri wa kwanza wa Luhoko. Hii ni kaburi yake."

Fabiola aliinama. Kaburi lilikuwa limezungushiwa mawe ya mto, limepandwa maua na kuwekwa mshumaa. Katikati kulikuwa na bonge la saruji ya zamani, na juu yake kisahani cha shaba kilichochakaa, kipana kama kifuniko cha chupa ya mafuta. Kilikuwa na namba na mwaka. Hakikuwa na jina.

"Jina yake iko wapi?"

"Ba-Père ba zamani balikuwa banyenyekevu. Hawakutaka majina."

"Na hii namba?"

"Tulisema labda ni namba yake mu shirika."

Fabiola aliiangalia namba. Alitoa karatasi ya Nathalie, iliyoandikwa namba ya borne. Namba ilikuwa ileile. Basi hapa palikuwa sawa: hii ndiyo borne, Ulrich aliifikia, akasoma namba, akaridhika, akasimika mashine. Alikaribia kukata tamaa. Alikuwa amekuja mbali namna hii kuhakikisha jambo lililokuwa sahihi. Aligeuka kuondoka, na kwa adabu tu, kwa kuwa mzee alionekana anapenda habari ile, akauliza.

"Père alikufa hapa hapa?"

"Alikufa kule juu. Kanisa ya kwanza ilikuwa kule." Abbé alinyoosha mkono upande wa ziwa, kaskazini, juu ya bega la mlima ambapo kuta mbili zilizoanguka zilionekana kati ya mikaratusi. "Wakati tulijenga hii mupya, wakristo balisema hatuwezi kuacha Père peke yake mu pori. Tukamuhamisha."

Fabiola alisimama.

"Mulimuhamisha na hii ciment?"

"Na yote. Wanaume walibeba na miti, wakipokezana, ni nzito sana. Tuliimba njia yote. Wamaman balilia."

"Padri, mulichimba. Mulikuta mifupa?"

Abbé David alisita. Lilikuwa swali ambalo, ni wazi, hakulipenda. "Hatukukuta. Udongo ya kule inakulaka kila kitu. Tukakamata udongo mu kisanduku, tukaleta pamoja na ciment. Ni halali, mwanangu. Niliuliza."

"Ni lini hii?"

"Ni miaka ya juzi juzi tu."

Fabiola alikaa kwenye ukingo wa kaburi la jirani bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Akili yake ilikuwa imeshika ncha ya kitu na haikutaka kuiachia. Aliitazama mashine. Aliutazama mlima. Jiwe linalojulikana mahali lilipo. Ile iliyokaa ndiyo inayoifundisha ile inayotembea. Na kama mwalimu mwenyewe hajui alipo?

Alipanda juu ya ukuta wa makaburi kutafuta mtandao. Nathalie alipokea mara moja.

"Angalia mu picha ya satellite," Fabiola alisema. "Kuko kanisa mupya ya Luhoko, na nyuma yake makaburi. Na kuko kanisa ya zamani juu ya mulima, upande ya ziwa. Unaona?"

"Naona."

"Toka makaburi mupaka kule juu, ni mètres ngapi?"

Vitufe vilibonyezwa. "Kama mia nne na kitu."

"Upande gani?"

"Kaskazini. Na kidogo mashariki."

"Na mulima ule unapita makaburi urefu gani?"

Nathalie alibonyeza tena. Fabiola alimsikia akipumua. Kisha sauti ikarudi, imebadilika kabisa. "Makumi tano, Inspecteur. Makumi tano na kitu."

"Borne haiko mu fasi yake. Waliibeba toka kule juu wakaileta mu makaburi, walidhani ni kaburi ya padri. Ulrich aliambia mashini: weye uko kule juu. Mashini ilikuwa huku chini. Sasa kamata ule mustari yote, uurudishe kusini, mia nne na kitu, na uushushe."

Ilichukua muda. Chini yake Abbé David alikuwa amesimama katikati ya makaburi, kofia mkononi, akisikia kila neno.

"Inspecteur," alisema Nathalie, na alikuwa analia. "Inafwata pwani. Kila kona. Inapita juu ya pwani kabisa. Alikuwa anatembea ku udongo."

"Point ya mwisho?"

"Iko mu baie ya kwanza. Mbele ya pointe, sio nyuma. Alidhani amefika ku alama. Mashini ilimwambia amefika."

Fabiola alifumba macho. Wanaume wawili, mmoja kila upande wa jabali, kila mmoja akimngoja mwenzake mahali walipokubaliana. Na watu wote waliokwenda kutafuta walitafuta ghuba ya pili na kwenye maji, kwa sababu ramani iliwaambia hivyo.

"Nipatie Papa Pascal."

Papa Pascal alikuja kwenye simu. Sauti ya redio ilikuwa imemwisha.

"Mashini haikuwaambia kitu?" Fabiola aliuliza. "Mutu anaidanganya mètres mia nne, inanyamaza?"

"Iliuliza," alisema Papa Pascal baada ya muda. "Ulrich aliniita na simu Mardi asubui. Alisema mashini inakataa, inasema kuko tofauti kubwa. Nikamwambia, namba za Babelgiji zinapishanaka na satellite kila fasi, ni kawaida. Nikamwambia abonyeze ndiyo."

"Na ukaona boti inarudia bila yeye, hukukumbuka?"

"Nilikumbuka jana."

"Na ukaniambia niache altitude."

Fabiola alikata simu. Hapakuwa na wakati wa kukalia hasira.

Abbé David alimngoja langoni. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtoto aliyevunja chombo cha watu. "Mwanangu, basi tulizika nini?"

Angeweza kumdanganya. Alimhurumia kiasi hicho. "Mulizika jiwe ya kupimia, Padri. Mulilizika muzuri sana."

"Na ule kijana amepotea ju ya ile?"

"Niombee nimukute," alisema Fabiola, akaanza kushuka mbio, viatu mkononi.

*

Mugisho alisikiliza maelezo yote huku injini ikinguruma, na hakuelewa hadi Fabiola alipoitaja ghuba ya kwanza. Hapo uso wake ulibadilika.

"Nilipita pale," alisema. "Kwenda na kurudia. Nilipita mbali, niliogopa mawe yenye iko chini ya maji. Sikuangalia. Alisema baie ya pili."

"Unaweza kuingia?"

"Na mikono hivi?" Akatazama mawe. "Nitaingia."

Aliingia polepole, akipinda huku na huku kati ya mawe ambayo Fabiola hakuyaona hadi yalipokuwa ubavuni. Modeste alisali kwa sauti. Ghuba ilikuwa nyembamba, imefunikwa na kivuli cha jabali la Lukunda, na mwisho wake kulikuwa na kipande cha mchanga na vichaka. Hapakuwa na mtu. Fabiola aliita mara moja na jabali likamrudishia sauti yake mwenyewe. Labda alikuwa amekosea hesabu. Labda mstari wa majini ndio uliokuwa sahihi, na Ulrich alikuwa chini yake.

Kisha Modeste, ambaye hakuwa amefanya kitu chochote siku nzima, alinyoosha kidole. Chini ya mwamba uliojitokeza, kifimbo cha kupimia kilikuwa kimesimikwa, na shati limefungwa juu yake.

Ulrich alikuwa amelala chini ya mwamba, mguu mmoja umevimba na kupinda mahali ambapo mguu haupindi. Midomo ilikuwa imepasuka. Alikuwa hai. Fabiola alishuka majini hadi magotini na hakujua alikuwa analia hadi alipoonja chumvi. Alimpa maji ya chupa, kidogo kidogo.

"Nilisikia moteur," Ulrich alinong'ona. "Nyuma ya jabali. Nikajaribu kupanda nione. Nikaanguka."

Mugisho alikuwa ameruka kutoka kwenye boti na kuja nyuma yao. Ulrich alimwona, na macho yake yakawa makali.

"Uliniacha."

"Nilingoja," alisema Mugisho.

"Wapi? Nilikuwa hapa. Mashini ilisema ni hapa."

Mugisho akainua mikono kumwonyesha jabali na upande wake wa pili, na mikono ikapanda yote miwili kwa pamoja. Ulrich akaitazama. Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu asiyejua kama bado anaota.

"Nani alimufunga?"

Modeste aliangalia maji.

"Miye," alisema Fabiola.

"Ju ya nini?"

"Ju ya kukuua weye."

Mugisho alimnyooshea Fabiola mikono, naye akatoa ufunguo wa pingu uliokuwa mfukoni mwake tangu asubuhi.